Bakteria wamekufa, mbona farasi bado anaumwa?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Daktari, nina farasi jike wa miaka tisa. Usiku mmoja alifungua mlango wa stoo akala nafaka mpaka akakinai. Kesho yake jioni alikuwa na homa, anahara maji, fizi zimegeuka zambarau na moyo unakwenda mbio. Daktari aliyekuja aliniambia kwamba bakteria waliokufa tumboni ndio wanaomtesa, neno ambalo mpaka leo halijaniingia akilini: aliyekufa anamdhuruje aliye hai? Alimchoma sindano ya fluniksini, dawa ya kutuliza maumivu na homa. Siku ya tatu nilimwomba aongeze dozi kwa kuwa farasi alikuwa bado anageuka kutazama ubavu wake, akakataa. Farasi amepona, lakini nimebaki na maswali. Nimesoma pia kwamba utumbo wa farasi una vipokezi vya bangi vinavyotuliza inflamesheni. Je, nimpe mafuta ya CBD, yale yanayotokana na bangi, ili hali hii isirudi? Na hivyo vipokezi hasa ni nini?"

Nianze na lililo jepesi: mafuta usimpe, walau si kwa sababu hiyo. Daktari wako alikuwa sahihi mara zote mbili, aliposema habari ya bakteria waliokufa na alipokataa kuongeza dawa. Na majibu yote matatu yanatoka kwenye lile swali ulilolitupa mwishoni kama nyongeza, la vipokezi. Kwa hiyo nitalianza hilo.

Kipokezi ni protini. Vingi vimepenya kwenye utando wa seli kama uzi uliopita kwenye kitambaa, ncha moja nje na nyingine ndani. Molekuli fulani ikigusa ncha ya nje na umbo lake likaoana nayo, ile ya ndani hujikunja kidogo tu, na seli ikajua kuna jambo. Vitabu vingi hulieleza hili kwa mfano wa kufuli na ufunguo. Mfano huo siupendi sana, maana ufunguo ukizunguka mlango hufunguka, basi. Kipokezi kinafanana zaidi na sikio la mwenye nyumba. Mgeni anapiga hodi na kubaki palepale nje. Litakalofuata linategemea nani yumo ndani: nyumba moja wataitikia karibu, nyingine watanyamaza kimya, nyingine watafungulia mbwa. Hodi ni ileile.

Ukilishika hilo, umeshika nusu ya maradhi ya utumbo wa farasi.

Neno moja kuhusu "inflamesheni". Wengi husema "uvimbe", nami huwa nasema hivyo nikiwa zizini na mwenye farasi, lakini uvimbe humfanya mtu awaze jipu au nundu. Ninachokisema hapa ni pana zaidi: mishipa midogo ya damu inapanuka na kuvuja, chembechembe nyeupe zinatoka kwenye damu na kuingia kwenye nyama, joto linapanda, maumivu yanakuja. Yote hayo unayafanya mwili wenyewe. Bakteria hachomi moto nyumba. Anapiga hodi, na mwenye nyumba ndiye anayewasha.

Sasa turudi kwenye usiku ule wa stoo. Farasi anasaga chakula chake mara mbili, kwanza kwa vimeng'enya vyake kwenye utumbo mwembamba, wenye urefu wa mita 20 na ushei, kisha kwa msaada wa vijidudu kwenye sikamu na koloni, sehemu za utumbo mpana. Sikamu peke yake ni kifuko chenye urefu wa karibu mita moja, kinabeba lita 30 hivi, na koloni kubwa inayofuata inabeba zaidi ya hapo. Humo ndani nyasi huchachuka taratibu, bakteria wanavunja nyuzinyuzi na kutoa asidi za mafuta fupi ambazo farasi anazifyonza na kuishi kwazo. Ni pipa la kuchachushia linalotembea.

Wanga wa nafaka ulipaswa kuishia kwenye utumbo mwembamba. Lakini farasi ana kimeng'enya kidogo cha kuvunjia wanga, na chakula hakikai humo kwa muda mrefu. Akibugia ndoo nzima, sehemu kubwa ya wanga inapita haijaguswa na kumwagikia kwenye lile pipa. Bakteria wanaopenda wanga, wale wa jamii ya streptokoki na laktobasili, wanafanya karamu. Wanazaana kwa kasi na kutoa asidi laktiki, tindikali inapanda, pH inashuka chini ya 6. Bakteria wengi waliozoea mazingira ya nyasi hawawezi kuishi humo. Wanakufa kwa mabilioni, na utando wa utumbo wenyewe unachomwa na tindikali ile, unaanza kupata nyufa.

Hapo ndipo wafu wanapoanza kusema.

Bakteria wa kundi liitwalo Gramu-hasi wamevaa koti la nje lililojaa molekuli yenye jina refu, lipopolisakaridi, kwa kifupi LPS. Richard Pfeiffer, akifanya kazi Berlin na Robert Koch, aliona mwaka 1892 kwamba vijidudu vya kipindupindu vilivyouawa bado viliweza kuwaua wanyama wa maabara. Akahitimisha kwamba sumu haitemwi na kijidudu kilicho hai, imo ndani ya mwili wake, akaiita endotoksini. Swali lako, ndugu msomaji, ndilo alilojiuliza yeye, na wanasayansi walihitaji zaidi ya miaka 100 kulijibu. Maana LPS yenyewe haitoboi seli wala haiozeshi nyama. Ukiiweka kwenye seli isiyo na kipokezi chake, hakuna kinachotokea. Inaua kwa sababu inasikiwa.

Sikio linaloisikia linaitwa TLR4, mmoja wa ukoo wa vipokezi vya Toll. Jina hilo ni neno la Kijerumani, maana yake "ajabu" au "safi sana", na lilianzia kwa nzi wa matunda: mtafiti aliona kiluwiluwi chenye umbo la kushangaza, akamaka, na mshangao wake ukawa jina la jeni. Mwaka 1996 maabara ya Jules Hoffmann huko Strasbourg ilionesha kwamba jeni hiyo humlinda nzi dhidi ya kuvu. Mwaka 1998 kundi la Bruce Beutler huko Dallas likagundua kwamba panya wa aina fulani, ambao ungeweza kuwapa LPS nyingi wasitetereke, walikuwa na hitilafu kwenye TLR4. Walikuwa viziwi. Hoffmann na Beutler walipewa Nobeli ya mwaka 2011 pamoja na Ralph Steinman.

Kazi yenyewe inakwenda kwa kupokezana. LPS ikiingia kwenye damu, protini moja inaidaka na kuipeleka kwa nyingine iitwayo CD14, iliyokaa juu ya chembechembe nyeupe. CD14 inaikabidhi kwa TLR4, ambayo haikai peke yake. Ina mwenzake mdogo aitwaye MD-2 mwenye kifuko ndani yake. Mikia ya mafuta ya LPS inazama kwenye kifuko hicho, vipokezi viwili vinaungana, na ujumbe unaingia ndani. Humo kuna protini inayoitwa NF-κB, ambayo siku zote imefungwa kamba isifike kwenye kiini cha seli. Kamba inakatwa. NF-κB inaingia kwenye kiini na kuwasha jeni kadhaa kwa mkupuo: TNF, interlukini 1, interlukini 6, na kimeng'enya cha COX-2. Hao ndio wapiga baragumu. Kila seli inayowasikia kwa vipokezi vyake nayo inaamka.

Kiasi kinachotosha kuyaanzisha haya kwa farasi huwashangaza hata wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho. Katika majaribio, farasi hupewa LPS nanogramu 30 kwa kila kilo ya uzito, polepole ndani ya mshipa. Kwa farasi wa kilo 500 hiyo ni mikrogramu 15. Punje moja ya chumvi ya mezani ina mikrogramu kama 50 au 60. Yaani robo ya punje ya chumvi, ndani ya mnyama wa nusu tani, na ndani ya saa moja anainamisha kichwa, anapumua haraka, anaanza kuwa na dalili za msokoto wa tumbo. Ukichukua damu yake wakati huo utashangaa kuona chembechembe nyeupe zimepungua badala ya kuongezeka. Hazijafa, zimeitikia wito, zimenata kwenye kuta za mishipa tayari kutoka. Homa inafuata baadaye, saa mbili au tatu hivi.

Zile fizi za zambarau ulizoziona ni picha ya mambo hayo. Tazama vizuri siku nyingine, ingawa naomba isiwepo: rangi hukolea kama mstari mwembamba palepale fizi inapokutana na meno, na juu yake fizi huwa nyekundu iliyokolea. Bonyeza kwa kidole kisha achia. Kwa farasi mzima weupe wa alama ya kidole hutoweka ndani ya sekunde mbili. Kwa huyu unasubiri, unasubiri, damu inarudi kwa kusuasua. Mishipa midogo imelegea na kuvuja, na damu imetuama.

Nimefika kwenye sehemu ninayotaka uikumbuke kuliko zote. Farasi hasikii kama mtu anavyosikia. Sehemu ya LPS inayooana na kipokezi inaitwa lipidi A, na ile ya bakteria wa E. koli ina mikia sita ya mafuta. Kuna umbo lake changa lenye mikia minne, lipidi IVa. Ukiipa seli ya binadamu lipidi IVa, inazama ndani ya kifuko cha MD-2 na kukaa kimya. Tena inaziba nafasi, kiasi kwamba LPS kamili ikija inakuta kiti kimekaliwa. Kwa binadamu, basi, ni kizuizi. Ipe seli ya farasi molekuli ileile: inawasha. Tofauti ipo kwenye umbo la TLR4 na MD-2 za farasi, na watafiti wamefika mpaka kwenye amino asidi moja, arijinini iliyo nafasi ya 385 kwenye TLR4 ya farasi, ambayo bila hiyo lipidi IVa haimwashi. Hadithi ni hiyohiyo kwa LPS ya bakteria anayeitwa Rhodobacter sphaeroides. Kwa seli za binadamu inatuliza, na kulikuwa na matumaini ya kuigeuza dawa. Ilipojaribiwa kwenye seli za farasi, ikachochea.

Fikiria mtu angeichukua dawa ya namna hiyo kutoka hospitali ya watu akampa farasi mwenye endotoksini kwa nia njema kabisa. Angemwagia petroli kwenye moto akidhani ni maji.

Hata ndani ya farasi mmoja masikio hayalingani. TLR5 ni kipokezi kinachosikia flajelini, protini ya mkia ambao bakteria wengi, akiwemo Salmonela, wanaogelea nao. Kwenye damu ya farasi nutrofili, aina moja ya chembechembe nyeupe, zinacho na zinaitikia kwa nguvu. Monositi, ambazo ni ndugu zao wa karibu, hazina cha kutosha na hazishtuki. Ndiyo maana ripoti ikisema "farasi ana kipokezi fulani", swali langu la kwanza huwa: kwenye seli ipi?

Labda umeshajiuliza: kama robo ya punje ya chumvi inatosha kumwangusha, mbona farasi anatembea na lita nyingi za bakteria tumboni kila siku na anakula nyasi zake kwa raha? Nalipenda swali hili kuliko mengine yote. LPS iliyo ndani ya koloni ya farasi mzima inaweza kumuua mara nyingi ikiingia yote kwenye damu. Kinachomwokoa ni mahali. Kwenye wanyama waliochunguzwa, seli za utando wa utumbo zina TLR4 na CD14 chache upande unaotazama kinyesi, na baadhi ya vipokezi, TLR5 mojawapo, vimewekwa zaidi upande wa chini, unaotazama damu. Ni kama nyumba iliyo kando ya soko yenye madirisha upande wa ua peke yake. Kelele za soko hazimsumbui mwenye nyumba. Akisikia sauti uani, anajua kuna mtu ameruka ukuta. Juu ya hayo kuna ute mzito, kuna viungo vinavyobana seli na seli zisiachane, na kuna ini linalochuja damu yote inayotoka utumboni kabla haijafika mwilini. Usiku wa nafaka, vyote hivyo vilizidiwa kwa pamoja.

Turudi kwa daktari wako na sindano yake. Kuna dawa, polimiksini B, inayoinasa LPS kwenye damu kabla haijafika kwenye kipokezi. Ni wazo zuri, lakini lina masharti: itumike mapema, maana hodi iliyokwisha kusikika haifutiki, na itumike kwa uangalifu kwa farasi aliyeishiwa maji kwa sababu inaweza kuumiza figo. Farasi anayehara maji ndiye huyo aliyeishiwa maji. Kwa hiyo daktari anapima, anamwongezea maji ya mshipa, anaamua. Simlaumu asipoitumia.

Fluniksini inafanya kazi hatua kadhaa mbele. Haigusi TLR4 kabisa. Inazuia vimeng'enya vya COX, na kwa hiyo inakata utengenezaji wa prostaglandini. Mojawapo, prostaglandini E2, ndiyo inayopandisha homa ikifika kwenye ubongo na kuzifanya neva za maumivu ziwe nyepesi kushtuka. Ukiizuia, farasi anainua kichwa, moyo unapungua kasi, anatafuta maji. Ukiwa umesimama pale zizini unaona kama muujiza.

Ila prostaglandini E2 hiyohiyo ina vipokezi vinne, EP1 mpaka EP4, na haina ujumbe mmoja. Kwenye utando wa utumbo hodi yake inaitikiwa kwa matengenezo: damu inaletwa, ute unatengenezwa, seli zilizobaki hai zinajivuta kuziba pengo, viungo kati yao vinakazwa upya. Mwenye nyumba yuleyule aliyefungulia mbwa ndiye anayemwita fundi. Fluniksini haichagui. Inazima COX-2, ambayo ndiyo hasa inayochochewa na inflamesheni, na inazima pia COX-1, ambayo inafanya kazi za kila siku za nyumba. Mwaka 2004 watafiti wa North Carolina walikata damu kwa muda kwenye kipande cha utumbo mwembamba wa farasi, wakairudisha, kisha wakapima jinsi utando ulivyojiziba. Kwenye farasi waliopewa fluniksini, uzibaji ulichelewa.

Baadaye ikaja firokoksibu, ambayo inalenga COX-2 na kuiacha COX-1 kwa kiasi kikubwa. Walipoilinganisha na fluniksini kwa farasi waliopasuliwa kwa sababu ya utumbo mwembamba uliojinyonga, maumivu yalitulizwa vilevile. Lakini CD14 iliyochopoka na kuelea kwenye damu, yule mpokezaji wa LPS niliyemtaja, ambayo ni dalili kwamba endotoksini inapenya, ilipanda zaidi kwa waliopewa fluniksini. Simaanishi kwamba fluniksini itupwe. Mimi mwenyewe ndiyo ya kwanza kuitoa kwenye mkoba farasi akiwa anajibwaga chini kwa maumivu. Namaanisha kwamba ina bei, na bei hiyo inalipwa na utando uleule unaotaka upone.

Kwa hiyo siku ya tatu, farasi wako akiwa bado anatazama ubavu, daktari alikuwa na mambo mawili kichwani. La kwanza, dozi ya kawaida ni miligramu 1.1 kwa kilo, na kuipita hakuongezi utulivu wa maana bali kunaongeza vidonda vya tumbo na mzigo wa figo. La pili, maumivu ya siku ya tatu ni habari. Ukiyafunika yote, huwezi kujua kama utumbo unapona au unaoza. Nimeshaona farasi aliyetulizwa na mwenyewe kwa sindano za kuazima, amesimama kimya, moyo wake ukipiga 80 kwa dakika wakati wa kawaida haufiki 45. Nilipofika hapakuwa na la kufanya. Fenilibutazoni, ile ambayo wafugaji wengi huiita bute, ina tabia mbaya zaidi: ikitolewa kwa wingi au kwa muda mrefu huweza kuchimba vidonda kwenye koloni ya juu upande wa kulia. Farasi anakonda, protini inavujia kwenye kinyesi, chini ya tumbo panajaa maji. Na mwenye farasi, akiona anaumwa tumbo, anamwongezea bute.

Sasa bangi. Ulichokisoma si uongo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bologna wameonesha vipokezi vya kanabinoidi, CB1 na CB2, pamoja na vingine vinavyohusiana navyo, kwenye ileamu ya farasi, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, ikiwemo kwenye seli za utando na neva zilizomo ukutani. Ni kazi nzuri. Lakini hebu tuangalie inavyofanyika. Unachukua kipande cha utumbo, unakikata vipande vyembamba sana, unakiloweka kwenye kingamwili iliyotengenezwa ili inate kwenye kipokezi fulani, kisha unatazama kwa hadubini yenye mwanga maalumu. Penye kipokezi panang'aa kijani au chekundu. Picha hupendeza hata kama hujui unachokitazama. Kwanza lazima uhakikishe kwamba kingamwili hiyo, ambayo mara nyingi ilibuniwa kwa ajili ya protini ya panya au ya mtu, inakitambua kipokezi cha farasi na si kitu kingine kinachofanana nacho. Na ukishahakikisha, umejua jambo moja: sikio lipo. Hujajua linasikia nini, likisikia linamwambia nani, wala wakati utumbo unaumwa linakuwa kali zaidi au linazibwa.

Mfano wa tahadhari tunao, tena wa kila siku. Utumbo wa farasi una vipokezi vya opioidi, na mofini inavipata bila shida. Inatuliza maumivu, kweli, na utumbo nao unatulia mpaka kinyesi kinakauka na kujikwamisha. Ksailazini, tunayomtuliza nayo farasi mkorofi, inakaa kwenye vipokezi vya alfa-2. Weka sikio ubavuni dakika chache baada ya sindano, zile ngurumo za tumbo zimenyamaza. Kwenye wanyama wengine waliochunguzwa, kuamsha CB1 kwenye neva za utumbo kunapunguza mwendo wa utumbo. Farasi hawezi kutapika, na lile pipa lake likisimama gesi haina pa kwenda. Dawa yoyote inayogusa mwendo wa utumbo wake mimi huitazama kwa jicho la shaka mpaka ijieleze.

CBD, kwa kweli, hata haikikamati CB1 sawasawa kama kilevi cha bangi kinavyofanya; inapita kwenye vipokezi vingine kadhaa. Hilo linaweza kuwa heri. Ila kumpa farasi aliyepona mafuta ya kila siku ili azuie ugonjwa ulioletwa na mlango wa stoo ulioachwa wazi, ni kutibu jeraha lisilokuwepo. Na kama unamshindanisha, jua kwamba CBD imo kwenye orodha ya FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, ya vitu vinavyokatazwa mashindanoni.

Ukitaka kuvigusa vipokezi vya utumbo wake kwa usalama, vipo vinavyoguswa na nyasi. Zile asidi za mafuta fupi zinazotoka kwenye nyuzinyuzi, asetati, propionati na butirati, zina vipokezi vyake kwenye seli za utando na za kinga, na butirati ni chakula cha seli za koloni zenyewe. Kwa wanyama waliochunguzwa hodi hizi hutuliza. Mpe majani makavu au mabichi yasiyopungua kilo 1.5 ya kitu kikavu kwa kila kilo 100 za uzito wake kwa siku. Akilazimika kula nafaka, wanga usizidi gramu moja kwa kila kilo ya uzito kwa mlo mmoja. Kwa farasi wa kilo 500 hiyo ni kama kilo moja na robo ya shayiri-pori, ile wanayoiita oti, au gramu 700 tu za mahindi, kwa kuwa mahindi yana wanga mwingi zaidi na yasipopitishwa kwenye moto wanga wake ni mgumu kusagika kwenye utumbo mwembamba. Mabadiliko ya chakula yafanyike kwa wiki mbili, si kwa siku moja.

Kitu kimoja hukukitaja nami nimekitafuta kwenye barua yako mara mbili: kwato. Farasi aliyepata endotoksini kutokana na nafaka anaweza kupatwa na laminaitisi, ambapo nyama inayoushikilia mfupa ndani ya kwato inaachia, na hilo huweza kuja siku kadhaa baada ya kuhara kukoma. Mguse kwato za mbele. Tafuta mapigo ya mshipa nyuma ya kifundo, juu kidogo ya kwato. Kwa farasi mzima ni shida kuyapata, na yakiwa yanagonga kidole chako waziwazi, mwite daktari siku hiyohiyo. Ikitokea tena akavamia nafaka, usisubiri dalili: mwite daktari usiku uleule, na wakati unamsubiri mtumbukize miguu kwenye barafu na maji mpaka juu ya kifundo. Kwa farasi wenye ugonjwa wa koloni, ubaridi wa mfululizo umeonekana kupunguza laminaitisi.

Na ule mlango: kitasa cha kusukuma hakitoshi, maana farasi aliyekwisha kujua ladha ya kilicho ndani hukifungua kwa mdomo. Tia komeo la chini, usawa wa goti lako, lenye pini ya kuchomeka.